Maua ya Njiani

Tuseme ukweli: Kenya ni nchi ya maua isiyoyajua maua yake. Tunalima, tunakata, tunapanga kwenye maboksi, na ndege za mizigo zinaondoka Embakasi usiku zikiwa zimejaa. Halafu mtu akitaka kumpa mwenzake shada, ananunua mawaridi mekundu kumi na mawili, yamelingana urefu kama askari wa gwaride, yamefungwa kwa nailoni inayometa, na anaamini ametoa maua kwa sababu ndivyo maua yanavyokuwa kwenye filamu.

Mimi hufunga mashada. Ndiyo kazi inayonilisha hapa Nairobi: harusi, matanga, mahafali, mtoto amezaliwa, mwalimu anastaafu. Kwa hiyo si mimi wa kuwaambia watu waache kununua maua. Ningekuwa najikatia riziki. Ninachosema ni kwamba tumekubali kuuziwa aina moja ya shada kana kwamba ndilo shada pekee, na kukubali huko kunatugharimu zaidi ya pesa.

Shada ninalolitetea huitwa shada la bustani. Halina siri. Linaonekana kana kwamba mtu ameingia bustanini asubuhi na mkasi wake, akakata kilichokuwa tayari siku hiyo. Ndani yake kuna ua lililofunguka kabisa, lingine nusu, lingine bado tumba. Kuna majani, kuna nyasi zilizotoa mbegu, kuna tawi lililopinda likaachwa na upindo wake. Mashina hayalingani. Na muhimu kuliko yote, ukilitazama unajua ni mwezi gani.

Januari na Februari, jua likiwa kali, bogenvilia ndiyo inayotawala kuta na nyua. Mvua za masika zikishapita, Mei kuingia Juni, dalia zimenona, kosmosi nyeupe na za rangi ya waridi zimetapakaa kando ya barabara, na nyasi zina vichwa virefu vinavyocheza na upepo. Oktoba Nairobi ni zambarau tupu. Jakaranda, mwenzangu, hata usijaribu kuifunga kwenye shada, itapukutika kabla hujafika kwenye gari. Lakini mimi huitazama sana, maana ndiyo inayoniambia kwamba vuli iko mlangoni na wakulima wangu wanatayarisha matuta.

Sasa lichukue waridi la biashara. Halina msimu, na hilo halikutokea kwa bahati. Hapa kwenye ikweta mchana una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Ongeza nyumba ya plastiki, maji ya kutosha na mbolea iliyopimwa, na mwaridi utachanua Januari hadi Desemba. Kampuni moja kutoka Denmark ilianza kilimo kikubwa cha maua nchini mwishoni mwa miaka ya 1960, wengine wakafuata, na leo Kenya iko miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa maua ya kukatwa duniani.

Hata hivyo, ukichunguza utaona kwamba waridi hilo lina msimu, ila si wetu. Lina 14 Februari. Lina 8 Machi, siku ambayo wanawake wa Urusi na Ulaya ya Mashariki hupewa maua. Lina siku ya akina mama ya Waingereza, na ile ya nchi nyingine za Ulaya mwezi wa Mei. Wiki za kabla ya tarehe hizo ndizo ambazo mashamba hayalali. Kule Aalsmeer, Uholanzi, kuna mnada ambapo bei huanzia juu ikishuka, kama mshale wa saa, na anayebonyeza kitufe kwanza ndiye mnunuzi. Siku hizi si maua yetu yote yanayopitia mnadani, mengi huuzwa moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Ulaya. Lakini jicho la huko ndilo lililoamua ua zuri likoje: shina lililonyooka linalopimwa kwa sentimita, kichwa kilichofumba ili kisiumie ndani ya boksi, petali ngumu za kuvumilia safari. Harufu haimo katika vipimo hivyo. Hebu jaribu: nunua waridi la dukani, liweke puani. Mara nyingi utanusa jokofu.

Najua nitajibiwa vipi. Wewe si unahubiri maua ya hapa hapa? Naivasha ni kilomita 90 tu kutoka Nairobi, utataka ya karibu kuliko hayo?

Sawa. Udongo ni wetu, maji ni yetu, na mikono ni yetu, mingi ikiwa ya wanawake. Lakini aina nyingi za mawaridi hayo zimezalishwa na makampuni ya Ulaya, na mashamba huyalipa ada ili yaruhusiwe kuzipanda. Rangi, urefu na wiki ya kukatwa vinaamuliwa na mtu atakayeliweka ua mezani London au Köln. Kinachobaki kwenye soko letu mara nyingi ni kile ambacho hakikufikia kipimo, shina fupi au kichwa kilichoumia. Tunanunua kilichokataliwa, halafu tunakifunga kwa kumwiga yule yule aliyekikataa.

Sikuambii ulisuse waridi. Kuna familia zinazolipa karo kwa kazi ya maua, na mimi mwenyewe mawaridi nayatumia. Ila huyaacha yakae kwenye maji siku mbili yafunguke, yatoke kwenye ule utumba wa boksi, ndipo niyachanganye na wenzao. Ninachokipinga ni nchi nzima kumtegemea mnunuzi mmoja hata macho yake yakawa ndiyo macho yetu. Machi 2020, Ulaya ilipojifungia, mashamba yetu yalitupa maua kwa matani na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Soko la nyumbani la kuubeba hata ukingo wa mzigo ule halikuwepo. Lingetoka wapi, wakati hatujawahi kuzoea kununua maua Jumatano ya kawaida, bila kuzaliwa, kuoa wala kufa?

Na macho haya ya kuazima hayakuanza na nyumba za plastiki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni wa Kijerumani, alikuta kwenye milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, kiua cha zambarau kinachoota kwenye miamba yenye kivuli. Akakituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata kiua kikaingizwa katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia, jina la familia yake. Tangu hapo kimekaa kwenye madirisha ya jikoni kote Ulaya na Marekani, kwenye vyungu, kikimwagiliwa na bibi vizee wanaokipenda kama mjukuu. Ndugu yake mmoja anaota mlima Mbololo, huku kwetu Taita, na hajulikani kuota mwituni mahali pengine popote. Waulize vijana kumi wa Nairobi kama wamewahi kumsikia. Halafu waulize kuhusu waridi jekundu.

Hapo ndipo huja hoja ya kitamaduni, na huwa inaletwa kwa kicheko: Mwafrika hapeani maua bwana, sisi tunapeana mbuzi. Wanaosema hivyo hawajatazama vizuri. Mmaasai akishika nyasi mkononi ameshasema amani kabla hajafungua mdomo. Wachaga wa Kilimanjaro wana jani la sale. Ukimkosea mtu ukampelekea jani hilo, umeomba radhi, na kulikataa si jambo jepesi. Mimea ilikuwa inasema kwa niaba yetu muda mrefu kabla ya nailoni kufika.

Na huko Pwani nilikokulia mimi, tuna kikuba. Kwa asiyekijua: ni kishada kidogo anachovaa mwanamke kifuani au kwenye nywele, kimetungwa kwa asumini, mrehani, waridi dogo lenye harufu, mkadi uliochanwa vipande, na kilua kikipatikana. Kila kimoja kina msimu na saa yake. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado tumba, ikatungwa upesi, na usiku unapoingia inafunguka ikiwa tayari imevaliwa. Nyanya yangu alikuwa akitunga vikuba barazani bila kutazama vidole vyake, na alijua ni mti wa nyumba ipi umetoa wiki hiyo. Hakuita kazi yake sanaa wala ubunifu. Lakini ndiyo kanuni yote ya shada la bustani: chukua kilicho karibu, kilicho tayari, changanya cha harufu na cha rangi, mpe mtu kabla hakijapita.

Kikuba hakifiki alfajiri kikiwa kizima. Sijawahi kusikia mwanamke aliyemrudia mtungaji kudai pesa zake kwa sababu asumini ilinyauka. Lakini mteja wangu wa Nairobi, kabla hata ya kuuliza bei, huniuliza: yatakaa siku ngapi? Swali hilo limetoka kwenye boksi na ndege. Anayesafirisha ua kilomita elfu sita ana haki ya kuliuliza. Anayelibeba kutoka Kenyatta Avenue hadi South B, kwa nini ahesabu siku? Mengi ya mashada yangu hudumu siku tano, mengine wiki. Lakini ua linalopendwa kwa kudumu tu halishindani na ua jingine. Linashindana na la plastiki, na huko litashindwa.

Mwaka jana niliombwa na bibi harusi mmoja nimwandalie mashada ya mwezi wa Juni. Alikuwa ameona kazi yangu na alijua anachotaka. Nikaongea na mama anayenilimia Limuru, naye akatenga matuta mawili ya dalia rangi ya damu ya mzee. Tungeongeza lili nyeupe za bondeni, shamari iliyochanua, majani ya mkalitusi na nyasi. Nikapeleka shada la mfano kwenye kikao cha kamati. Shangazi wa bibi harusi akalizungusha mkononi, akaniambia kwa upole kabisa, "Binti yangu, haya si ni maua ya njiani? Wageni watafikiri tumekosa pesa."

Kamati ikaamua kuagiza peoni kutoka Uholanzi. Peoni ni ua zuri, sitalitukana. Lakini ni ua linalohitaji majira ya baridi kali ili lichanue, kwa hiyo mashamba yetu mengi hayawezi kulilea, na kulileta ni kulipia ndege, barafu na ushuru. Yaani katika nchi inayopakia maua ndegeni kila usiku, watu walilipa ndege nyingine irudishe maua. Mimi nilikosa kazi, hilo ni jambo la kawaida katika biashara. Lakini dalia hazijui kwamba kamati imebadilisha nia. Zilichanua wiki ile ile zilizopangiwa, na yule mama akaziuza kwa bei ya kutupwa kwa mtu wa kando ya barabara. Yaani ziliishia njiani kweli.

Nimelitafakari sana neno hilo, njiani. Linachukuliwa kama tusi. Wapo pia wanaoniambia kinyume chake, kwamba shada hili la vurugu ni mtindo wa wazungu wa Instagram na mimi naiga tu. Hawa wawili wangekaa pamoja wakubaliane kwanza. Ni kweli kwamba huko nje kuna mitindo kama huu, na haikuanza juzi. Constance Spry, mpambaji wa London, miaka ya 1930 alikuwa akichanganya maua na majani ya kabeji na magugu ya vichochoroni mwa mashamba, watu wakashangaa. Mwaka 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa, huyo huyo ndiye aliyeitwa kupamba Westminster Abbey. Kwa hiyo shangazi wa watu asiogope. Maua ya njiani yameshaingia hadi kwa malkia. Bado kuingia ukumbini kwetu tu.

Hebu sasa nikueleze linavyofungwa, maana hoja isiyo na mkono ni domo tu.

Kata asubuhi mapema au jioni jua likishalegea. Mchana mmea una kiu tayari na hautapona. Nenda na ndoo ya maji. Kapu ni la kupigia picha. Ondoa kila jani litakalozama majini, kwa sababu jani likioza linaoza na maji, na maji machafu ndiyo yanayoua mashada mengi. Mmea unaotoa utomvu mweupe, chovya ncha yake kwenye maji moto sekunde chache. Weka ndoo kivulini masaa kadhaa, kila shina linywe lishibe. Na ujue unachokata: gloriosa inayopanda vichakani Pwani ni nzuri ajabu, lakini ina sumu, kiazi chake hasa. Ya mbugani na ya msitu wa hifadhi usiguse. Njia yetu ni pana, haina haja ya kuiba.

Ukianza kufunga, anza na majani, matawi matatu au manne yenye upindo. Shika kwa mkono mmoja, na kila shina unaloongeza lilaze upande ule ule, ukilizungusha shada kidogo kila mara, mpaka chini mashina yajipange kama kuni za moto. Maua mazito yakae chini karibu na moyo wa shada. Mepesi yapande juu yao yacheze. Weka na tumba, ili kesho kuwe na kitu kipya. Usibane, acha nafasi ya nyuki kupita. Kisha funga kwa kamba ya katani, kata mashina chini yawe sawa kiasi cha kusimama, basi. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Utaona sijataja sponji. Lile tofali la kijani ambalo wapambaji huchomeka mashina ni plastiki. Lilibuniwa Marekani miaka ya 1950, na haliozi. Linavunjika kuwa vumbi linaloingia kwenye maji na udongo. Royal Horticultural Society ya Uingereza ililipiga marufuku kwenye maonyesho yake mwaka 2021. Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukajisifu duniani, na tulistahili. Lakini pita makaburini wiki mbili baada ya mazishi. Maua yameshakufa kama ilivyo haki yake. Kilichobaki juu ya marehemu ni nailoni, utepe wa sintetiki na sponji. Ukitaka maua yasimame kwenye bakuli, kunja wavu wa kuku uweke ndani. Unauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na harusi ikiisha unauosha unautumia tena.

Mwisho kuna wale wanaosema bustani ni ya wenye nafasi, ya Muthaiga na Karen, sisi wa vyumba viwili tuache ndoto. Nawaomba watembee Kangemi asubuhi wakitazama ngazi na barabatini za ghorofa: mikebe ya rangi, ndoo zilizopasuka, na ndani yake rozmari, mrehani, na maua ambayo mwenye nyumba hajui hata jina lake ila alipewa kijiti na jirani. Watazame wauza miche wanaojaza kingo za barabara zetu kubwa, ambao huhamishwa kila barabara inapopanuliwa na hurudi kila mara. Watembelee wakulima wadogo wa Kinangop na Limuru, wanaomwuzia broka kwa shina moja moja, kwa bei anayoitaja broka. Hao ndio ambao shada la bustani linaweza kuwalipa. Shamba la robo ekari haliwezi kushindana kwa mawaridi ya sentimita sabini, lakini linaweza kutoa dalia, shamari, lili na majani kila wiki, kama kuna anayenunua hapa.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Ukisimama mbele ya muuza maua pale City Market, muulize yalikatwa wapi na lini. Asipojua, mwambie utarudi wiki ijayo, na urudi kweli, kwa sababu muuzaji hutafuta jibu la swali analoulizwa mara mbili. Wewe wa kamati ya harusi, kabla hujamwonyesha mpambaji picha kwenye simu, muulize mwezi huo kuna nini shambani, kisha umlipie mkulima arbuni yake ili asipande kwa matumaini matupu.

Na ukimzika mzazi mashambani, usitume mtu mjini kuleta shada la nailoni. Mwanamke aliyemwagilia dalia mlangoni pake miaka thelathini, kwa maji aliyobeba kichwani, alishachagua maua yake. Toka nje, uzikate hizo.